Mdogo wangu alipungua kilo 17 kwa sindano, kaacha zimerudi 12. Nini kimetokea?

#1 Dada_wa_Uyole
Habari za jioni wakuu. Naomba nieleze kwa kirefu maana nimechanganyikiwa, na nyumbani kila mtu ana jibu lake.

Mdogo wangu ana miaka 34, watoto wawili, anauza nguo Mwanjelwa. Alikuwa na kilo 96. Mwaka jana mwezi wa tatu akaanza kuchoma ile sindano ya kupunguza uzito ya mara moja kwa wiki. Alizipata kwa dada mmoja anayeuza kwa simu, mzigo unakuja na basi kutoka Dar. Hakupima chochote kabla, si sukari, si presha. Miezi miwili ya mwanzo alitapika mno, anakula vijiko vinne vya wali anasukuma sahani. Kufika mwezi wa kumi mizani ikasoma 79. Nguo zote zikaenda kwa fundi. Alipendeza, siwezi kudanganya, na magoti yaliyokuwa yanamliza akipanda kilima cha kwetu yakatulia kabisa.

Desemba hela ikakata, akaacha. Sasa ni mwezi wa saba na jana kapima: 91. Nywele za mbele zimekatika, anachoka, na anasema njaa anayoisikia sasa hajawahi kuisikia maishani. Usiku anaamka kutafuta kiporo.

Mama anasema ni sumu, imemharibu. Shemeji anasema mkewe amekuwa mlafi. Yule muuzaji anasema anunue tena. Mimi nauliza nyie: dawa imemharibu mwili, au ilikuwa feki, au ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu?

#2 Fundi Iyunga
Dada pole. Lakini tuseme ukweli, hakuna njia ya mkato. Apunguze wali, atembee kwa miguu kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa asubuhi na jioni, miezi mitatu utaniambia. Bibi zetu hawakuchoma sindano yoyote.

#3 Mama Pacha Njombe
Fundi Iyunga, mimi nalima viazi. Jembe nalishika saa 12 asubuhi, naliacha saa 7 mchana, na msimu wa kuvuna nabeba magunia. Tangu nijifungue mapacha nina kilo 102 na hazishuki. Chakula changu ni ugali na maharage kama cha jirani yangu ambaye ni mwembamba kama fito. Sasa nikatembee wapi tena? Ushauri wako nimeusikia tangu nikiwa msichana, na kila anayeutoa ni mwembamba.

Dada, mdogo wako si mlafi. Mwambie shemeji aache neno hilo.

#4 MfamasiaMafinga
Nitajibu swali la tatu, kwa sababu ndilo lenye ushahidi.

Utumbo wetu ukipata chakula unatoa homoni iitwayo GLP-1. Inaiambia kongosho itoe insulini, inachelewesha tumbo kumwaga chakula, na inauambia ubongo "tosha". Ya asili inadumu dakika chache tu mwilini. Semaglutaidi, ambayo ndiyo iko ndani ya Ozempic na Wegovy, ni mfano wake uliotengenezwa ili udumu karibu wiki nzima. Ndiyo maana inachomwa mara moja kwa wiki. Tirzepataidi, ya Mounjaro, inaigiza homoni mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo mtu akichoma, njaa inanyamaza kweli. Utafiti mkubwa uitwao STEP 1 uliotoka 2021 ulikuwa na watu 1,961. Waliochoma semaglutaidi kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, waliochoma maji matupu asilimia 2.4, na wote walipewa ushauri ule ule wa chakula na mazoezi. Halafu sikilizeni hapa: sehemu yao walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha. Walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza.

Theluthi mbili ya 17 ni kama kilo 11. Mdogo wako karudisha 12, tena ndani ya miezi saba. Yuko pale pale walipokuwa wenzake wa kwenye utafiti, ila kafika mapema kidogo. Unene mwili unautetea: ukiupunguzia, unapandisha njaa na kubana matumizi ya nguvu. Dawa ilikuwa imeuziba mdomo. Ilipoondoka, mwili ukadai deni lake.

#5 Mtoto wa Kihesa
Mfamasia umeeleza vizuri. Hata presha ni hivyo hivyo, mtu akiacha vidonge inarudi na hakuna anayemwita mvivu.

#6 Kitonga Juu
Kamwene wote. Mimi nina jibu lingine. Nimekuwa kondakta njia ya Dar–Mbeya miaka tisa na hizo boksi nimezibeba kwa mkono wangu.

Zinaletwa stendi saa 10 alfajiri kwenye boksi la sponji, ndani kuna chupa mbili za maji yaliyogandishwa, juu gundi ya karatasi. Mwenye mzigo anasema "weka kwenye baridi". Baridi gani? Zinaingia buti la chini pamoja na madumu ya mafuta na vifaranga. Kufika Mikumi chupa za barafu zinaogelea. Ruaha Mbuyuni saa 6 mchana mnajua pakoje, hata kitasa cha mlango hakishikiki. Tunapanda Kitonga buti likiwa kama tanuri. Siku tukikuta malori yamekwama pale kwenye kona, ni masaa mengine mawili. Mbeya mtu anapokea boksi usiku kwenye baridi, analigusa la baridi, anashukuru. Baridi ile ni ya Mbeya, si ya dawa.

Sasa dada, mimi si daktari, lakini sindano za mwisho za mdogo wako huenda zilikuwa maji tu. Labda aliacha kupona kabla hajaacha kuchoma.

#7 MfamasiaMafinga
Kitonga Juu, asante kwa hili, wengi hawalijui. Nikusahihishe mahali pamoja tu: kama zote zingekufa njiani asingepungua kilo 17. Dawa hizi zikiwa hazijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Kalamu ya Ozempic, yaani sindano yake yenye umbo la kalamu, ikishaanza kutumika inavumilia mpaka nyuzi 30 kwa siku 56. Safari moja ya joto si lazima iiue papo hapo, ila inaweza kuidhoofisha, na mtumiaji hana jinsi ya kujua kwa macho.

Kitu kinachoiua moja kwa moja ni kuganda. Ikiganda hata mara moja, tupa.

#8 Dada_wa_Uyole
Mfamasia umenishtua. Friji ya mdogo wangu ni ile ndogo ya mlango mmoja, yenye kisanduku cha barafu humo humo juu. Alikuwa anaziweka ndani ya kisanduku hicho, nyuma ya nyama, watoto wasizione. Mwenyewe aliambiwa "iwe ya baridi sana".

#9 Nesi_Mlandege
Dada, kabla hatujaenda mbali. Ilikuwa kalamu au kichupa?

#10 Dada_wa_Uyole
Nimempigia simu sasa hivi. Miezi ya mwanzo kalamu. Kuanzia mwezi wa sita kichupa na mabomba ya sindano, kwa sababu muuzaji alisema ni ile ile kwa nusu bei. Kichupa kimoja kilichobaki ninacho mkononi. Ni kidogo kama kidole gumba, kifuniko cha bati la bluu, mpira katikati una matundu kama alichomwa na pini. Kibandiko kimeandikwa jina la dawa na "10mg", basi. Hakuna jina la kiwanda, hakuna namba ya toleo, tarehe ya mwisho imepigwa muhuri wa wino na inafutika nikisugua na kidole. Ndani kuna maji meupe na kitu kama uzi wa pamba kinaelea.

Mabomba ni yale membamba yenye kofia ya rangi ya chungwa. Aliambiwa avute "mpaka 50".

#11 Nesi_Mlandege
Ee Mungu wangu.

Hayo ni mabomba ya insulini. Mstari wa 100 ni mililita 1, kwa hiyo 50 ni nusu mililita. Sasa kibandiko kinasema 10mg lakini hakisemi kwa mililita ngapi. Kama ni miligramu 10 kwenye mililita 4, alikuwa anachoma 1.25. Kama ni 10 kwenye mililita 2, alikuwa anachoma 2.5. Wegovy inaanzia 0.25, inapandishwa kila wiki nne, na kwenye 2.4 mtu anafika baada ya wiki 16. Yule muuzaji hajui anachouza, na mdogo wako hakujua anachochoma. Uzi unaoelea ndani ni sababu tosha ya kutokigusa, dawa hii inatakiwa iwe angavu kama maji ya chemchemi.

Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya vichupa hivi hivi: watu walikuwa wanakosea mistari ya bomba na kujichoma mara 5 hadi 20 ya dozi, wengine wakalazwa. Mwezi mmoja kabla, Juni 2024, Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo lilitahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama nchi zenye ukaguzi ule zimeingiliwa, sisi tunaopokea boksi stendi tuko wapi?

Usikitupe hicho kichupa. Kifunge kwenye mfuko, TMDA, mamlaka yetu ya dawa, wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, wapelekee.

#12 Fundi Iyunga
Ndiyo nilichokuwa nasema. Na nimesikia hiyo dawa yenyewe inatokana na sumu ya mjusi. Mtu unajichomaje mjusi?

#13 Mtoto wa Kihesa
Fundi, umepata nusu ya habari. Kuna mjusi wa jangwani huko Marekani aitwaye Gila. Mtafiti John Eng alikuta kwenye sumu yake kiini kinachofanana na GLP-1 ila kinadumu zaidi, na dawa iliyotokana nacho, eksenataidi, iliruhusiwa 2005 kwa wagonjwa wa kisukari. Hata hiyo ilitengenezwa maabara. Semaglutaidi inafuata muundo wa homoni ya binadamu, na inatengenezwa kwa kutumia hamira. Hamira ni ile ile jamii ya maandazi. Mjusi hayumo.

#14 Fundi Iyunga
Nimeelewa, nashukuru. Ila bado sijaridhika. Mwaka 1997 Marekani si waliondoa sokoni dawa ya kukondesha iliyokuwa inaharibu vali za moyo? Nayo ilisifiwa. Nimesoma mahali.

#15 MfamasiaMafinga
Hapo uko sahihi, fenifluramini, na hofu yako ina msingi. Historia ya dawa za kukondesha ni mbaya. Tofauti ya hizi za sasa ni kwamba moyo ndio uliochunguzwa kwa makusudi. Utafiti wa SELECT wa 2023 ulifuatilia watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na unene, wasio na kisukari, kwa zaidi ya miaka mitatu. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 20 kwa waliochoma. Hilo halijawahi kuonekana kwenye dawa ya uzito.

#16 Mzee wa Tukuyu
Ndaga wanangu. Niongee kama mtumiaji.

Nina miaka 63, kisukari mwaka wa kumi na mbili, mguu umeshaanza kufa ganzi. Daktari wangu aliniandikia semaglutaidi mwaka jana, mwanangu aliyeko nje ndiye anayelipa. Sukari asubuhi ilikuwa inacheza 13, 14. Sasa 6 na kitu. Kilo nimetoa 9. Nimeanza tena kupanda mwenyewe mpaka kwenye migomba yangu ya juu, kukata mkungu na kushuka nao. Hilo kwangu si urembo.

Lakini nusura nife. Wiki ya tatu nilikuwa bado nameza glibenklamaidi, vidonge vyangu vya zamani vya kushusha sukari, kwa kipimo kile kile. Nikala kidogo kwa sababu ya sindano, dawa ya zamani ikaendelea kusukuma sukari chini. Mke wangu alinikuta jikoni nimekaa sakafuni, jasho linatiririka, namwita kwa jina la dada yake. Soda ya glasi moja ndiyo iliyoniokoa. Kule kliniki hakuna aliyeniambia nipunguze kile kidonge. Wenye kisukari mnaonisoma, ulizeni hilo siku ya kwanza.

#17 Nesi_Mlandege
Shikamoo mzee. Watu wayasome hayo mara mbili. Sindano peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Ikichanganywa na glibenklamaidi au insulini ndipo hatari inapoingia.

#18 Mkulima_Igurusi
Mimi naona mmeisahau familia. Dada, mdogo wako anatumia uzazi wa mpango gani? Mke wangu aliongezeka kilo 10 kwa sindano ya miezi mitatu. Alipobadili kwenda kijiti zikapungua tano bila dawa yoyote. Huenda unaosema umerudi ni unene wa sindano nyingine kabisa.

#19 Dada_wa_Uyole
Mkulima, kweli alianza ile ya miezi mitatu mwezi wa kwanza mwaka huu. Sikuwahi kuviunganisha.

#20 Mtoto wa Kihesa
Na mimi niongeze la kwangu, msinichoke. Nyama. Akipungua kilo 17 si zote mafuta. Kwenye STEP 1 kuna wachache waliopimwa kwa mashine, karibu asilimia 40 ya kilichopotea hakikuwa mafuta. Mtu anayekula vijiko vinne vya wali bila yai, bila maharage, bila dagaa, anakula misuli yake mwenyewe. Misuli nayo inachoma chakula hata ukiwa umekaa. Akiacha dawa, chakula kinarudi kwenye mwili wenye injini ndogo. Uchovu wake nadhani umetoka huko.

#21 MfamasiaMafinga
Mtoto wa Kihesa, namba yako ni sahihi ila usiisome peke yake. Kisichokuwa mafuta si misuli tu, kuna maji na viungo vingine. Na watu wale wale, ukilinganisha na mafuta, sehemu isiyo mafuta kwenye mwili wao iliongezeka. Hata hivyo protini na kubeba vitu vizito nakuunga mkono.

#22 Mama Pacha Njombe
Kubeba vitu vizito mimi nimefuzu, nikamfundishe nani?

#23 Asiyejulikana_77
Naandika kwa jina hili kwa sababu mnajua mikoa yetu. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo inayoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, utafiti wa 2022/2023 ulionyesha Njombe asilimia 12.7.

Niko kwenye dawa mwaka wa kumi na moja, virusi havionekani kwenye kipimo. Tangu nibadilishiwe kwenda dozi yenye dolutegravir nimeongezeka kilo 15. Niliambiwa inatokea, hasa kwa wanawake. Nilipokuwa mwembamba mtaa mzima ulinihukumu. Sasa nimenenepa, presha imepanda, goti linauma, na mtu yule yule anayeuza sindano kwa simu ameniambia nichome. Nikipungua kwa haraka watasema "imemrudia". Nikibaki hivi moyo wangu unachoka. Hakuna aliyewahi kuandika habari ya mtu kama mimi kwenye nyuzi hizi. Mfamasia, dawa hizi zinagongana na zangu?

#24 MfamasiaMafinga
Dada/kaka, asante kwa kuamini watu hapa. Hakuna mgongano mkubwa unaojulikana kati ya semaglutaidi na dolutegravir. Lakini usianze kwa muuzaji wa simu. Kliniki yako ya VVU, CTC, ina kumbukumbu zako zote za figo na ini, anzia pale, waulize na kuhusu presha. Na usiache dozi yako hata siku moja kwa ajili ya kilo.

#25 Mama Pacha Njombe
Asiyejulikana, mtaa utasema ukinenepa, utasema ukikonda. Dada yangu wa kwanza alifariki 2003 akiwa na kilo 38, na nilibeba ndoo zake za maji. Mimi leo nikiona mtu amejaa, moyo wangu unashukuru kwanza. Huenda ndiyo maana sisi wa huku tunachelewa kuuona unene kama ugonjwa. Kaa na sisi hapa.

#26 Kisa_K
Samahani nimechelewa. Mnaongelea sindano, mimi niliumizwa na vidonge vya "mitishamba". Vilikuwa kwenye kopo la kijani lenye picha ya majani, nikanunua mnadani. Siku ya pili usingizi ukatoweka, mdomo mkavu, moyo unapiga kama mtu anatwanga. Nilipungua kilo 6 kwa wiki tatu nikawa nasifiwa kanisani. Wiki ya nne nikaanguka kwenye daladala. Presha 190 kwa 115, nina miaka 29!

Daktari aliyenipokea alisema vidonge vya aina hiyo mara nyingi huchanganywa sibutramini kwa siri. Hiyo ni dawa iliyoondolewa Ulaya na Marekani 2010 kwa kuongeza kiharusi na mshtuko wa moyo. Kopo langu halikupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa. Najua tu moyo wangu ulivyokuwa.

#27 Nesi_Mlandege
Na zile chai za kukata tumbo nyingi zina sena, yaani dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na madini ya potasiamu, mizani inashuka, mafuta yako pale pale. Afadhali orlistati ya famasi: inazuia sehemu ya mafuta ya chakula yasinyonywe. Inapunguza kidogo, na ukila chipsi mayai utayaona mafuta yakitoka yenyewe bila kukuomba ruhusa.

#28 Dereva_wa_Tunduma
Wakuu nitoke nje ya mada kidogo. Rafiki yangu anachoma, ana kitambi cha pombe ya komoni cha miaka mingi. Amesema tangu aanze, komoni haimwiti. Anakaa kilabuni na kopo moja jioni nzima mpaka wenzake wanamwonea huruma. Hiyo nayo ni ya kawaida?

#29 Mtoto wa Kihesa
Imesikika kwa wengi. Mwaka 2025 ulitoka utafiti mdogo wa watu 48 wenye tatizo la pombe, semaglutaidi ya dozi ndogo ilipunguza hamu na idadi ya chupa siku ya kunywa. Ni mdogo mno kuutegemea. Ila usiwaambie Iringa msimu wa ulanzi, mtaharibu biashara ya mama zetu.

#30 Kitonga Juu
Ulanzi msiuguse. 😂

#31 Fundi Iyunga
Mmeniweka sawa kwa mengi, nakubali. Dada, neno langu la kwanza lilikuwa kali. Lakini bado nauliza: kama ukiacha zinarudi, ina maana ni kuchoma mpaka kufa? Nani wa Mwanjelwa ana hela hiyo?

#32 MfamasiaMafinga
Hilo ndilo swali gumu kuliko yote na sitalipamba. Septemba 2025 WHO iliingiza semaglutaidi na wenzake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya 2 walio pia na unene na ugonjwa wa moyo au figo. Kwenye mifuko yetu bado ni dawa ya mwenye nacho. Kwa maoni yangu, asiyeweza kumudu mfululizo kwa zaidi ya mwaka asianze kwa ajili ya harusi au picha. Mwenye kisukari na moyo ahangaike aipate.

Na wasioruhusiwa kabisa: mjamzito, au anayetaka mimba ndani ya miezi miwili ijayo. Mwenye historia ya familia ya saratani ya tezi ya shingo aina ya medulari, kwa sababu panya waliota uvimbe hapo. Aliyewahi kuvimba kongosho aongee na daktari kwanza. Anayetumia tirzepataidi na vidonge vya uzazi wa mpango aongeze kinga nyingine wiki nne za mwanzo na kila dozi ikipanda. Ukienda kufanyiwa upasuaji mwambie mtu wa usingizi, tumbo lako linaweza kuwa na chakula hata kama hukula asubuhi. Ukiona jicho moja limeingia giza ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ni nadra sana, Ulaya walikadiria mpaka mtu 1 kati ya 10,000, lakini mara nyingi jicho halirudi.

Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula, huenda ni mawe ya nyongo. Kupungua haraka kunayaleta, kwa dawa au bila dawa.

#33 Kisa_K
Na nywele je? Dada aliuliza nywele na hakuna aliyemjibu.

#34 Nesi_Mlandege
Kweli tumeruka. Uzito ukiporomoka haraka, nywele nyingi zinaingia kulala kwa pamoja na kudondoka baada ya miezi miwili mitatu, kama baada ya kujifungua. Huota tena. Lakini yeye ni kama miezi saba tangu aache, kwa hiyo mimi ningepima damu na madini ya chuma.

#35 Mkulima_Igurusi
Au kusuka. Mke wangu zilikatika mbele kwa rasta za kubana.

#36 Dada_wa_Uyole
Wakuu nimesoma yote, nimemsomea na mwenyewe kwa simu, kanyamaza muda mrefu halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mimi si mlafi?" Nikamwambia soma namba 3 na namba 4.

Leo tulikwenda kliniki. Tulifika saa 12 na nusu asubuhi tukawa wa kumi na saba kwenye foleni. Presha yake ni 148 kwa 94, hakuwahi kujua. Sukari bado kidogo tu iingie kwenye kisukari. Wamechukua damu ya kupima wingi wa damu na tezi ya shingo, majibu Alhamisi. Ile sindano ya miezi mitatu hatarudia, anabadili njia. Kichupa nimekifunga kwenye mfuko wa sukari, nitakipeleka TMDA Jumatatu nikitoka kazini.

Shemeji alikuja kutuchukua. Aliona karatasi ya presha akakaa nayo muda. Hajasema neno la ulafi tena.

#37 Mzee wa Tukuyu
Presha hiyo aitibu leo, kilo zitafuata. Na mwambie aje achukue ndizi na maziwa huku kwangu, nina ng'ombe wawili.

#38 Kitonga Juu
Mzee, maziwa hayo yakija na basi langu nayaweka kiti cha mbele, si buti.

#39 Mgeni_Vwawa
Nimeusoma uzi wote usiku huu. Mimi nina sababu nyingine hamjaigusa: usingizi. Dada, mdogo wako analala saa ngapi? Mke wangu ana biashara kama yake, analala saa 7 usiku anaamka saa 10 kuwahi mzigo, na njaa yake ya usiku ni hiyo hiyo uliyoieleza, wala hajawahi kuchoma sindano yoyote.